Sista na Mto Uliotiwa Dawa

Nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, debe la mahindi miguuni pangu, mama mmoja wa mtaa wa Msamala aliponigusa bega na kuniambia, bila hata salamu, "Sista ametutoka." Hapa mjini masista ni wengi, watawa na wauguzi, lakini nilijua ni yupi. Asubuhi hiyo mlango wake haukufunguliwa. Jirani aliita, akagonga, mwisho akasukuma, akamkuta sakafuni kando ya kitanda, mwili umeshakuwa wa baridi. Hospitali walisema ni presha. Yule mama wa kwenye foleni alisema ni upweke, akasogeza ndoo yake mbele kwa sababu zamu yake ilikuwa imefika.

Marehemu alikuwa muuguzi. Alizaliwa Singida, kwenye nchi kavu ambako mto ni mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka, akaletwa Songea na barua ya ajira akiwa msichana, akafanya kazi wodini mpaka akastaafu. Mumewe alikwisha kufa, watoto wanaishi mbali. Wastaafu wengi wa hapa hufuga kuku au hufungua kigenge mbele ya nyumba. Yeye alituambia kwamba anataka kujifunza kuvua. Tulicheka. Mwanamke wa umri ule, anayeogopa hata dimbwi la barabarani! Alijibu kwamba miaka yote amekula dagaa wa mtoni waliovuliwa na wenzake, na kabla hajafa anataka kuwatoa majini kwa mkono wake mwenyewe.

Aliyemfundisha alikuwa mjane wa Kingoni, mkulima, mwenye nyumba yake kijijini kwenye ukingo wa mto, mwendo mfupi wa bajaji kutoka mjini. Walijuana wodini, Sista alipomuuguza mume wa huyo mama mpaka siku ya mwisho. Siku ya somo la kwanza niliwafuata, nikidhani nitapata kichekesho cha kuandika, na kweli nilikipata. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na dagaa walikuwa wanapanda mto kwenda kutaga. Wavu wenyewe ni mfuko wa nyuzi uliofungwa kwenye pete ya mti, na mpini mrefu kama wa jembe. Sista alisimama katikati ya maji, akawa anaukimbiza huku na huku kama mtu anayefukuza nzi. Alitoa majani, tope, na kandambili moja isiyokuwa yake.

"Sista, unawatafuta wapi?" yule mama alimwuliza kutoka ukingoni. "Wewe ukipanda mlima na mzigo, unapita kwenye mwinuko mkali au unazunguka palipo laini? Na wao hivyo hivyo. Katikati mkondo una nguvu. Wanapita pembeni hapa, karibu na majani." Kisha akaingia mwenyewe, akazamisha wavu taratibu upande maji yanakotoka, akauvuta kufuata mkondo, haraka kidogo kuliko maji yenyewe. Dagaa, ambao hupanda wakitazama mto unakotoka, wakaingia wenyewe mfukoni. Sista alijaribu, akateleza, akakaa chini ndani ya maji, khanga ikaondoka na mto. Tulicheka mpaka yule mama akashika mbavu. Lakini kabla ya jua kuwa kali Sista alikuwa amepata samaki wa kutosha kufunika kiganja, na alivyowashika ungedhani amepokea mtoto anayezaliwa. Nilipomwambia aongeze wengine, mwalimu wake alikataa. "Wengine waache wapite," alisema. "Hao ndio wa mwakani."

Kuanzia hapo wale wawili wakawa ndugu. Msimu wote ule Sista alikuwa akilala kijijini, akisali na mwenyeji wake kanisani kwa Wakatoliki Jumapili ingawa yeye alikuwa Mlutheri, na hata kulima alimsaidia. Alimwita dada. Kijana wa yule mama, mtu mzima mwenye mke, alimwita Sista mama mdogo. Mimi nilizaliwa hapa na bado sina nyumba ya kijijini ninayoingia bila kubisha hodi. Yeye aliipata ugenini, uzeeni.

Msimu uliofuata hali ilikuwa imebadilika. Mvua ilichelewa, mashamba yalikuwa yamesogezwa hadi kwenye maji, na dagaa waliopanda walikuwa wachache. Asubuhi moja Sista alitangulia mtoni peke yake. Mbele kidogo, palipo na kina, alimwona yule kijana ameinama, chupa pembeni yake, ananawa mikono. "Shikamoo, mama mdogo," kijana alisema. "Marahaba, baba. Mbona mapema?" Alijibu kwamba anapita kwenda bustanini, akaondoka na chupa yake kwenye mfuko wa rambo. Muda si mrefu samaki walianza kuelea, matumbo juu, wadogo kwa wakubwa, hata kaa na vyura. Watu walishuka kwa shangwe na ndoo, na mabeseni, na watoto mgongoni.

Sista aliijua harufu ile. Wodini walikuwa wakiletewa watu waliokunywa dawa ya kupulizia mazao, wengine kwa bahati mbaya na wengine kwa makusudi. Alipiga kelele. "Mwageni! Hiyo ni sumu, mwageni!" Wachache walimwaga. Wengi walimtazama tu. Mzee mmoja alimwambia kwamba hata babu zao walikuwa wakitia majani ya utupa mtoni, samaki wanalewa, na hakuna aliyekufa. Mwingine akasema, "Sista, hawa samaki ni wetu. Wewe kwenu ni Singida." Jioni nyumba kadhaa zilikuwa na watu wanaotapika na kutetemeka. Mtoto wa kike wa jirani alifia njiani kwenda hospitali, kwenye bajaji, mapajani mwa Sista.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, amekaa kwenye ngazi za nyumba yake Msamala, akikataa kunitazama. Kwanza alikwenda kwa dada yake. Alimkuta anachambua maharage, akamweleza alichokiona mtoni.

"Ulimwona akimwaga?" dada alimwuliza.

"Nilimwona na chupa, ananawa mikono."

"Basi umeona mtu ananawa mikono."

"Dada, wewe unajua."

Yule mama aliuweka ungo chini. Akasema, "Najua. Tangu jana najua. Lakini ni huyo tu niliyebakiwa naye. Nilikupa nyumba yangu, nilikufundisha mto huu, sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Nyamaza."

Sista aliniambia kwamba alikaa pale muda mrefu, akamsaidia hata kuchambua yale maharage. Kisha akasema, "Yule mtoto amekata roho nimemshika. Mama yake ananiuliza mimi, muuguzi, mwanawe ameuawa na nini. Nimwambie nini, dada?" Dada yake aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti aliuliza kama yupo anayejua lolote. Watu wote waliangalia chini, ingawa, kama ilivyodhihirika baadaye, zaidi ya mmoja alikuwa amemsikia kijana yule akijigamba kwamba msimu huu hatahangaika na wavu. Sista alisimama, akasema alichokiona, hakuongeza wala kupunguza. Kijana alilia pale pale. Hakukusudia kuua mtu, alisema, alitaka tu samaki, na duniani nani angemkatalia hilo? Alifungwa, na bado yuko ndani.

Ungetarajia kijiji kimshukuru huyu mwanamke. Mama wa mtoto aliyekufa alimshukuru, basi. Wengine, wakiwemo waliotapika usiku ule, walisema kwamba mgeni amemfunga mtoto wa mwenyeji wake, kwamba amekula kwenye sahani na kuivunja. Alipokwenda mtoni msimu mwingine, wanawake waliokuwa wakichota dagaa waliinua nyavu zao mmoja mmoja wakasogea chini, mto unakoelekea, mbali naye. Hakuna aliyemtukana. Alisimama kwenye maji peke yake, akachota mara mbili tatu, akarudi mjini, na hakwenda tena. Mlangoni kwa dada yake alibisha hodi mara kadhaa. Alisikia hatua ndani, na mlango haukufunguliwa. Nilipomwuliza kama anajuta, alikasirika. "Kujuta nini? Nilisema nilichokiona. Ila ningependa, kaka, angalau mtu mmoja kati ya wale aliyekuwa anajua angesimama na mimi. Nilisimama peke yangu sana."

Tulimzika Jumatano. Watoto wake walifika wamechoka na safari, wakiwauliza majirani mama yao alikuwa anaishije. Wakati wa kuweka mashada nilimwona yule mjane nyuma ya akina mama, amekonda, kitambaa cheusi kichwani. Minong'ono ilianza. Mwanamke mmoja wa kijijini alimwuliza, si kwa wema, amekuja kufanya nini kwa mtu aliyemfungia mwanawe. Alijibu kwa sauti ambayo wote tuliisikia.

"Nimekuja kumzika mdogo wangu. Sijamsamehe. Lakini alisema kweli, na nyinyi mlijua kama mimi nilivyojua, mkanyamaza."

Mchungaji akaendelea na sala.

Huwa tunasema kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Tangu siku ile nimekuwa nikidhani kwamba tunausema usemi huo ili tumwachie Mungu peke yake kazi ya kumpenda. Sisi tunaichukua faida ya kweli yake: maji ambayo hakuna aliyethubutu kuyatia dawa tena, watoto wanaokula samaki bila kufa. Halafu tunasogea chini na nyavu zetu. Mjane yule alikuwa na sababu ya kufunga mlango, sababu ambayo mzazi yeyote ataielewa. Sisi wengine hatukuwa nayo. Mtu akisimama mkutanini kwenu akasema jambo ambalo nyote mnalijua, msisubiri kumpelekea shada. Nendeni kwake jioni hiyo hiyo, mbishe hodi, mkae naye.