Mkufunzi na Mkono wa Plastiki

Mkufunzi mmoja wa chuo cha uuguzi aliporudi kutoka semina ya wiki mbili, alikuwa na cheti, begi jipya na nadharia saba za ujifunzaji. Wanafunzi wakambandika jina: Mama Nadharia. Mwenyewe alilisikia, akalipenda.

Somo la kwanza lilihusu kujifunza kwa kutenda. Alilisoma kwa saa tatu mfululizo, darasa zima likinakili mpaka vidole vikafa ganzi.

"Mwalimu, tutatenda lini?" binti mmoja wa nyuma akauliza.

"Hiyo iko sura ya tisa. Andika."

Mtihani ulipofika, wote walifaulu. Wakapelekwa wodini. Sista wa zamu akamwambia yule binti amwekee dripu mzee mmoja aliyeishiwa maji mwilini. Binti akashika sindano, akaganda, kisha akaanza kutaja hatua nne za ujifunzaji, moja baada ya nyingine, bila kukosea.

Mzee akamsikiliza hadi mwisho. "Mjukuu wangu," akasema, "mimi niko hatua ya ngapi?"

Mkufunzi akaitwa. Akafika kifua mbele, akavaa glavu, na hapo ndipo jasho jembamba lilipomtoka: mara ya mwisho kushika sindano ilikuwa miaka kumi na moja nyuma. Akachoma, akakosa mshipa. Akachoma tena, akakosa. Mzee akageukia ukutani.

"Pole sana, baba," mkufunzi akasema kwa sauti ndogo.

Sista hakumcheka. Alisogea, akamshika kiwiko. "Ivute ngozi kwanza. Haya, laza sindano kidogo. Usiwe na haraka."

Damu ikachungulia kwenye mrija: mshipa umepatikana. Mkufunzi akafurahi kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kisha akaona aibu kufurahi.

Kesho yake alifungua stoo, akatoa mkono wa plastiki wa mazoezi ya sindano, uliokuwa bado kwenye nailoni yake tangu ununuliwe. Wiki nzima wanafunzi waliuchoma kwa zamu, yule binti akiongoza foleni, na ubao ukabaki mtupu.

Mkuu wa chuo akapita dirishani, akaingiwa na wasiwasi. Akamwita ofisini.

"Mbona wanafunzi hawaandiki?"

Mkufunzi akavuta pumzi, akamtajia nadharia tatu ndefu kwa mpigo. Mkuu hakuijua hata moja. Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyezizoea, akasaini ombi la mikono mingine mitano.