Paipu ya Baba Siku ya Posa

Mimi ni mtu wa kujisifu, na sitaomba radhi kwa hilo. Katika ukoo wetu wa Laare wanaume husifiwa kwa miraa waliyopanda, na wanawake husifiwa kwa kunyamaza. Kunyamaza sikuwahi kujifunza. Siku ya posa ya mdogo wangu wa kike nilimshukuru Mungu kwamba somo hilo lilinipita.

Baba alikuwa amewekwa paipu ya mkojo. Tezi iliyo chini ya kibofu ilikuwa imevimba hadi ikamziba, na alipokuwa akisubiri upasuaji, hospitali moja ya mji wa Maua ilimtia mpira mwembamba uliopeleka mkojo kwenye mfuko wa plastiki. Mimi ndiye niliyempeleka, kwa kuwa nilikuwa mwalimu kule Kaaga na shule zilikuwa zimefungwa. Nesi alipotaka kumwelekeza, Baba alinitoa nje. Kwetu binti hazungumzi na babake mambo ya kiunoni, sembuse kuyaona.

Nikatoka, lakini pazia ni kitambaa tu, na masikio yangu hayajawahi kuwa na adabu. Nikasikia yote. Mfuko ukae chini kuliko kibofu saa zote, ili mkojo usirudi ndani. Mikono ioshwe kabla ya kuushika. Maji anywe kwa wingi. Na akipata homa au baridi ya kutetemeka, akiumwa tumbo la chini, mkojo ukiwa na ukungu na kunuka vibaya, au akianza kusema mambo yasiyoeleweka, asingoje tarehe ya kurudi, aje siku hiyohiyo. Baba aliitikia "ndiyo" kila neno, kwa ile sauti aliyowajibu nayo maafisa wa kilimo, kisha tukarudi nyumbani.

Siku ya posa wageni walifika kabla ya adhuhuri na pickup mbili. Walileta ncoolo, yaani lile furushi la miraa iliyochaguliwa na kufungwa kwa majani ya mgomba, ambalo baba wa msichana akilipokea na kulifungua, basi mazungumzo yameanza. Wazee waliketi uani. Sisi wanawake tulikuwa jikoni na sufuria zetu, kwa maana furushi likifunguliwa hapana mwanamke anayesogea.

Mimi nilikuwa nikichungulia mlangoni. Baba alikuwa amevaa koti lake zito la sufu, jua likiwaka, na alikuwa akitetemeka. Furushi lililetwa mbele yake akalitazama tu. Baba mdogo, ndugu yake, alipomgusa bega, Baba alimwita kwa jina la marehemu babu yetu na kumuuliza kama ng'ombe wamenyweshwa. Wazee wakacheka.

"Ni handasi," Baba mdogo akawaambia wageni. "Ametafuna tangu asubuhi."

Handasi ni ule ulevi unaomshika mtu miraa ikishampanda kichwani, anakodoa macho na kuzungumza na ukuta. Laare nzima tunaujua, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini mtu wa handasi hatetemeki kwa baridi juani. Nikamgeukia Mama.

"Mama, mkojo wa Baba ukoje?"

Mama akafunika sufuria, akaifunua, akaifunika tena. "Tangu juzi ni kama maji yaliyoosha maharagwe. Na unanuka. Alinikataza nisikuambie."

"Na mfuko uko wapi?"

"Amejifunga nao kiunoni, juu, na mshipi. Eti wakwe wasiuone. Na tangu jana hataki hata chai, usije ukajaa mbele ya watu."

Nilipandwa na hasira. Mzee wa kanisa, mtu mwenye akili zake, amejifunga mkojo mchafu juu ya kibofu ili koti likae vizuri! Hasira hiyo ndiyo iliyonitoa jikoni. Woga ulinifuata baadaye, nilipokuwa nimeshafika katikati ya uwanja na wazee wote wananitazama.

Niliweka kiganja kwenye paji la uso wa Baba. Lilikuwa linaungua.

"Baba ni mgonjwa," nikasema. "Anaenda hospitali sasa hivi."

Baba mdogo akasimama. "Wewe mwalimu, rudi jikoni! Akilala kidogo atakuwa sawa. Unatuaibisha mbele ya wageni aje?"

"Hii si handasi. Mkojo umemrudia ndani na sasa uchafu unaingia kwa damu. Mkimngojea alale, mtamlaza kabisa."

Nilikuwa nimetamka mkojo wa babangu mbele ya wakwe. Msemaji wa wageni, mzee mwenye mvi hadi kwenye nyusi, aliliondoa furushi miguuni pa Baba na kuliweka kando.

"Tuchukue pickup yetu," akasema, akimwashiria dereva. "Hii hupeleka miraa Nairobi. Maua haiwezi kuishinda."

Kabla hatujamwinua Baba nilimfungua koti palepale, nikafungua mshipi, nikaushusha mfuko chini ya magoti yake. Nilidhani nitaona aibu, lakini nilichoona ni mkojo wa rangi ya matope, na hofu ya kumpoteza ikameza kila kitu.

Hospitalini nilisema mara moja tu: ana paipu, ana homa, amechanganyikiwa. Daktari hakuuliza la pili. Waliitoa paipu ya zamani na kumtia mpya, wakachukua mkojo kutoka kwenye hiyo mpya kupeleka maabara, wakamtoa damu, wakamtundikia maji na dawa ya kuua viini bila kungoja majibu. Baadaye daktari alitoka akauliza ni nani aliyegundua.

"Ni mimi," nikasema, na nilisema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa benchi.

"Mngemleta kesho, sijui kama tungekuwa tunaongea hivi," akasema.

Siwezi kueleza jinsi kifua kilivyonijaa. Nimefundisha watoto waliokuja kuwa madaktari na mahakimu, lakini sijawahi kutembea kwenye kibaraza cha jengo lolote nikiwa mrefu namna ile.

Homa ilishuka, na Baba alirudiwa na akili zake. Akaja kujua yote yaliyotokea uani, kwa maana Baba mdogo alimsimulia, tena kwa chumvi. Baada ya hapo hakunisemesha. Nilipomletea uji alikunywa akiangalia dirisha. Nilijiambia kwamba baba aliye hai na amenuna ni bora, lakini iliniuma.

Siku ya kuruhusiwa tulikuwa wote wodini. Nesi akaja na beseni, sabuni na glavu.

"Mzee ataenda nyumbani na hii paipu mpaka apasuliwe," akasema. "Nataka mtu wa kumfundisha kuisafisha na kuiangalia. Ni nani?"

Mama, ambaye macho yake hayakuona tena vyema vitu vidogo, akainamisha kichwa. Baba mdogo akakohoa. "Tutatafuta mwanaume," akasema. "Kuna kijana wa jirani, tutaongea naye."

Mimi nikaanza kutoka nje kabla sijafukuzwa.

"Mwari, unaenda wapi?" Baba akauliza. Ndivyo tunavyomwita binti kwa Kimeru, na hakuwa ameniita hivyo tangu posa ile.

"Nje, Baba."

"Rudi hapa." Akamgeukia nesi. "Mfundishe huyu."

Nikanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni. Baba akainua shuka kwa mkono wake mwenyewe, akamtazama ndugu yake usoni, akamwambia atupishe.