Nilimpelekea baba mkwe gemu ya mshale Wamunyu, pointer ikakataa kutulia

Wakuu, sasa. Habari za Jumatatu.

Hii niliona niwaachie hapa kabla nibadilishe nia. Sijatia chumvi, ilikuja ikiwa na yake.

Kuna wataalam humu ndani wamekuwa wakiandika vile pointer ya motion controller, ile alama ya kulenga kwa screen, siku hizi ni accurate, ati unaelekeza tu na inagonga. Hongera zenu. Nyinyi mnachezea kwenu, na hakuna mtu ameketi hapo akiangalia kama mnafaa kuoa.

Mimi nafanya kazi kwa kiwanda pale Mlolongo. Msichana wangu, Mueni, kwao ni Wamunyu, huko Ukambani. Babake ni mchongaji, wale wa twiga na vifaru vya mbao. Mzee wa maneno machache.

Kila nikienda huko nangoja kitu moja tu: aniambie nilete wazee wetu, mambo ya mbuzi za mahari yaanze. Kila mara ananiambia "karibu tena". Nimekaribia mpaka nikachoka.

Basi nikaamua kutumia akili. Nikanunua console ya mtumba pale soko ya Tala, ile ya kushika remote hewani, na gemu ya kupiga mshale. Mkamba na uta wake, nani atakataa? Genius mimi.

Jumapili, wiki mbili zimepita sasa, baada ya kanisa nikafunga kwa TV yao. Nikaweka sensor bar chini ya screen, nikatest, pointer ikatulia vizuri. Mzee akavuta kiti. Hata alitabasamu, akasema babu yake alikuwa analenga swara na hakosi.

Sasa mama Mueni, kwa roho yake safi, akaona baridi ni mingi. Akaleta jiko ya makaa imewaka ikawa nyekundu, akaiweka karibu kabisa na TV, akaketi kando yake kuota moto.

Kwa wale hawajui: remote haioni TV. Inaona zile taa za infrared kwa sensor bar, na makaa nayo inatoa infrared. Kwa hivyo remote ikaona jiko, ikadhani ni sensor bar. Pointer ikaanza kuruka kama panzi.

Shida niliijua hapo hapo. Dawa ni kusogeza jiko. Mtoto wa nasari angeweza.

Lakini kwetu Ukambani kuna nthoni. Kwa nyinyi wa mbali, hiyo ni heshima ya mkwe na mama mkwe, na inakaa kwa umbali. Simwangalii usoni. Simpiti karibu. Na kumwambia "mama, toa hiyo jiko" ndiyo kabisa, heri nilale nje.

Mzee akalenga. Mshale ukaenda mawinguni. Akalenga tena, ukaenda kwa nyasi. Akageuka akaniangalia. Ilibidi niseme kitu, na kwa maneno yote Mungu ameumba, nikachagua haya:

"Mzee, shika imara kidogo. Mkono unatetemeka."

Nimeambia mchongaji mkono wake unatetemeka. Kwake. Mbele ya bibi yake. Nipigieni makofi.

Aliweka remote kwa meza pole pole, akaingiza mikono kwa koti. Hakukasirika. Afadhali angekasirika, kwa sababu alionekana mtu ameambiwa kitu alikuwa anaogopa kuambiwa. Roho iliniuma.

Nikamnong'onezea Mueni. Akamwambia mamake, "Mwaitu, wacha nipeleke jiko nje nipashe chai." Jiko ikatoka. Nikatest, pointer tuli.

"Si wewe, mzee," nikasema, kifua mbele. "Ni makaa ilikuwa inachanganya hii kitu. Jaribu sasa."

Akatoa mkono kwa koti, akashika.

Wakuu, pointer ilitetemeka. Haikuwa inaruka kama ya jiko. Ilikuwa inatetemeka kidogo kidogo bila kuacha, na jiko ilikuwa nje. Sasa ilikuwa imekuwa accurate, ile accuracy mnasifu hapa kila siku.

Mueni alikuwa anaangalia sakafu.

Nikanyoosha mkono nikaomba remote. Nikalenga, nikatetemesha mkono wangu makusudi, na mshale wangu ukaenda mawinguni kama yake.

"Bado ni mbovu," nikasema. "Tala wameniuzia takataka. Hata mimi inanitetemekea."

Mzee akaniangalia. Huyo ni mtu ameshika patasi maisha yake yote, sidhani nilimdanganya hata kidogo.

"Ni mbovu kweli," akasema. Chai ikaletwa, akashika kikombe na mikono miwili.

Jioni alinisindikiza mpaka stage, kitu hajawahi kufanya. Nikiingia kwa gari ndio akasema, "Mwezi ujao, kuja na wazee wako."

Nimefurahi, siwafichi. Na sijalala vizuri tangu hiyo siku.

Funzo ni hili: kabla ulaumu mkono wa mtu, angalia moto iko wapi. Na ukishajua kweli ni mkono, nyamaza.

Karibuni mnikosoe, hata nyinyi wa "ungefanya calibration". Lakini mwenye anajua daktari mzuri wa mikono huku Machakos asiandike hapa, aje inbox. Mzee hajaambia mtu.