Mzee Asiyeamkiwa Ndani ya Mistari

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nikiwa nachemsha chai hapa Mikumi na malori yananguruma barabarani. Naikumbuka mpaka natabasamu peke yangu, na wageni wangu wananiuliza, "Mzee, umeokota nini?" Sijaokota kitu. Ni siku niliyomfokea mzee mbele ya baba yangu mzazi, na badala ya kuchapwa nikapata kazi iliyonilea ujana wangu wote.

Kaa hapo unisikilize taratibu. Ujana una haraka, mimi sina.

Nimezaliwa Berega, kwa Wakaguru. Baba akatuhamishia Kidodi alipopata kazi ya kuendesha trekta la miwa. Nyumbani kwetu heshima ilikuwa kama chumvi, haikosi katika chungu chochote. Hukatizi mbele ya mkubwa. Hupokei kitu kwa mkono mmoja. Mkubwa akisema, unatazama vidole vya miguu yako mpaka unakijua kila kimoja kwa tabia yake. Na sauti ya mtoto mbele ya mzee, baba alikuwa akisema, isizidi ya kuku anayeatamia.

Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea. Nikapata kibarua kwenye uwanja wa tenisi wa klabu ya shambani: kumwagia udongo maji, kuusawazisha kwa pipa lililojazwa zege, kuchora mistari kwa chokaa, na kufagia yale majivu meusi yanayoanguka kila wanapochoma miwa. Hapo ndipo nilipomkuta Mzee Stanslaus, Mvidunda wa milimani, mwalimu wa tenisi na mchezaji wa kulipwa. Usicheke. Alikuwa wa kulipwa kweli, ila alicheza wawili wawili tu, yaani wawili upande huu wa wavu na wawili upande ule. Alikwenda Nairobi, alikwenda Lusaka, mara nyingi akatolewa mapema, akarudi na soksi mpya na hadithi za kutosha masika nzima. Mwenzake wa siku zote alikuwa ameacha kwa ajili ya mgongo. Siku moja akanitazama navuta lile pipa, akasema, "Wewe mabega unayo. Shika raketi." Raketi yenyewe ilitoka kwenye mitumba, mpini umefungwa mpira wa baiskeli. Nikaishika, na tangu siku hiyo nikawa naota ndoto mchana kweupe.

Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yamejaa, mabasi ya watu binafsi yanapishana, na Mikumi kila mwezi inaota nyumba mpya ya wageni. Mmoja wa walioneemeka alikuwa tajiri Salehe, mwenye malori na duka la vipuri. Kaiona tenisi kwenye video, kaipenda, katangaza kwamba atawapeleka wachezaji wawili Nairobi kwenye mashindano ya kulipwa, msimu mzima, nauli na kula juu yake, mradi jina la duka lake liandikwe mgongoni mwa fulana. Wawili tu. Watapatikana kwa mechi moja, uwanja wetu wa Kidodi.

Mzee Stanslaus aliniambia, "Magoti yangu hayatausubiri msimu mwingine, Yohana." Kwake zilikuwa safari za mwisho, kwangu za kwanza. Tukishindwa, yeye anabaki na magoti yake na mimi narudi kwenye pipa.

Wapinzani wetu walikuwa Kulwa na Doto, mapacha wa Kisukuma, ambao wazazi wao waliteremka Kilosa na ng'ombe wao. Hawakutuzidi mkono. Kitu walichotuzidi ni mdomo. Waligombana tangu mpira wa kwanza.

"Lako hilo, mvivu we!"

"Mvivu baba yako!"

"Si ndiye baba yako!"

Watu wanakufa kwa kicheko, lakini katikati ya kelele hizo hakuna mpira ulioanguka bila kupata mtu. Mwanangu, mchezo wa wawili unachezwa kwa mdomo pia. Mpira unaokuja katikati hauna mwenyewe mpaka mmoja aseme "Wangu!" Mpira unaokwenda nje, aliyeuona anamwambia mwenzake "Acha!" Usiposema, mnaumia wote wawili.

Sasa mimi ningemwambiaje Mzee Stanslaus "acha"? Mtu wa rika la baba, niliyemwamkia asubuhi ile ile kwa kukunja goti? Kila mpira wa katikati nilimwachia, kama mtoto anavyomwachia mkubwa mnofu. Naye akiona uko upande wa mkono wangu, anajua nitaupiga. Ukaanguka kati yetu, puu, tukabaki kuutazama kama mgeni ambaye hatujui amefikia nyumba ya nani. Ukaja mwingine, puu. Seti ya kwanza ikaondoka hivyo.

Tulipopumzika, mzee akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akihema.

"Yohana."

"Naam, mzee."

"Unaniheshimu?"

"Sana, mzee."

"Basi heshima yako ndiyo inayonikimbiza uwanja mzima kama mwizi wa kuku. Umeniachia mipira yote, hata ule uliokugonga tumboni."

Nikainamia raba zangu.

"Nitazame mimi, raba hazichezi. Kwenu Berega, mtu anamtania nani?"

"Babu yake, mzee. Na bibi."

"Babu akizidi, mjukuu anamwambiaje?"

Niliona aibu, lakini kaniuliza. "Anamwambia, sogea huko kizee, bibi ni mke wangu mimi."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Haya, sikiliza. Nje ya mistari hii mimi ni mzee wako. Utaniamkia, utanibebea mkoba, na ukinikosea nitamwambia baba yako. Ndani ya mistari hii mimi ni babu yako na wewe mjukuu wangu. Nitanie. Nifokee. Nifukuze. Fahari wawili hawakai zizi moja, wanasema, lakini wakifungwa nira moja wanalima. Umenisikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Nani?"

"Nimesikia... babu."

"Mficha uchi hazai," akasema, akainuka, magoti yakilia kama mlango wa stoo.

"Wangu" ya kwanza ilitoka kwa sauti ile ile ya kuku anayeatamia. Mzee akageuka, "Nani kaongea? Nimesikia mbu." Ya pili ikawa kubwa kidogo. Ya tatu nikafumba macho nikapiga kelele, "Wangu!" na mpira ukapita katikati ya mapacha, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Basi ikawa kama chupa imezibuliwa. "Sogea kushoto, kizee!" nikasema, nikashtuka mwenyewe. Akasogea. Nikapiga pale pale alipokuwa amesimama, tukapata pointi.

Ndipo baba akasimama. Alikuwa kwenye benchi la mbele, na kofia yake ya kazi mkononi.

"We Yohana! Unamwita nani kizee?"

Hata Kulwa na Doto waliacha kugombana. Baba akaanza kuja, na mimi nilimjua baba. Akishakuja hivyo, mechi imekwisha, na Nairobi imekwisha. Mzee Stanslaus akamfuata mpaka kwenye mstari, raketi begani, akasimama upande wa ndani.

"Mzee mwenzangu, rudi ukae. Nimemruhusu mimi. Humu ndani mimi ni babu yake."

"Babu yake ni baba yangu mimi," baba akajibu.

"Basi mpaka mechi iishe mimi ni baba yako. Mbona huniamkii?"

Mwanangu, kicheko kilichotoka pale kilifukuza kunguru kwenye miwa. Baba alijitahidi kukunja uso. Akautazama mstari wa chokaa, akanitazama mimi, akamtazama mzee. Kisha midomo ikamponyoka.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa chini."

Akakaa, na kicheko chake ndicho kilichodumu kuliko vyote. Seti hiyo tukaichukua.

Seti ya tatu ilikwenda bega kwa bega mpaka jua likawa machoni. Tulikuwa tumetangulia, pointi moja mchezo uishe, na miguu ya mzee ilikuwa imeisha kabla yake. Sote tulijua tukiipoteza hiyo, hana nyingine ndani yake. Doto akaupiga mpira juu sana kwenda nyuma yetu. Mzee akarudi kinyumenyume, raketi kaiinua. Ulikuwa mpira wa aina aliyoipenda kuliko zote, wa kuupigilia chini kama mtu anayetwanga. Lakini mimi nilikuwa pembeni, nikaona upepo wa milimani unausukuma. Unakwenda nje. Nilidhani unakwenda nje. Nikinyamaza na akakosea, kosa ni lake. Nikisema na nikakosea, safari zake za mwisho nimezila mimi.

"Acha, babu! Acha!"

Mkono ulikuwa umeshapaa, mwanangu. Nimecheza miaka mingi baada ya pale, nimewaona wengi ambao mkono ukishapaa hawasikii hata mbingu ikinguruma. Yeye aliushusha. Wala hakugeuka kuangalia mpira unaangukia wapi, alinitazama mimi. Ukaanguka nyuma yake, ukainua vumbi jekundu tupu, bila chembe ya chokaa.

Watu wakaingia uwanjani. Nikamrukia mzee nimkumbatie, lakini akanionyesha chini kwa kidole: tulikuwa tumeshavuka mstari, tuko nje. Nikasimama wima. "Shikamoo, mzee," nikasema. "Marahaba. Beba mkoba." Nikaupokea kwa mikono miwili, machozi yananitoka kama mtoto.

Tulicheza pamoja msimu ule mzima, mpaka magoti yake yakakataa kabisa, kisha nikacheza na Mganda, na Mzambia, na Mmalawi mmoja aliyekuwa akiimba akianzisha mpira. Sikuwa mkubwa. Jina langu katika orodha ya wachezaji ilibidi ugeuze karatasi ulitafute upande wa pili, karibu na mwisho. Sisi wa wawili wawili tulipewa kiwanja cha pembeni, saa ambayo watazamaji wamekwenda kunywa chai. Tulifua fulana kwenye beseni, tukazianika madirishani mwa nyumba za wageni. Watu huniuliza, "Hukuwahi kuwa bingwa?" Sikuwahi. Lakini kila niliyesimama naye upande mmoja aliomba tusimame tena. Nikilala usiku hilo linanitosha, na linabaki la kesho.

Basi nasaha yangu, wewe unayekwenda kufanya kazi bega kwa bega na mtu aliyekuzidi umri, iwe gereji, iwe shambani, iwe kwenye duka la mjomba. Muamkie, mbebee mzigo, usimkatize njia. Lakini kazi ikianza na ukaona analotaka kulipiga linakwenda nje, sema, na useme mapema, maana kunyamaza wakati huo ni kumwachia mwenzako aibu na kuiita adabu. Omba ruhusa kwanza kama hajakupa. Kuuliza si ujinga. Wala usiende kuwa fidhuli kwa watu ukasema Mzee Yohana wa Mikumi karuhusu! Jua mstari uko wapi, na ukiuvuka kurudi nje, shikamoo yako iwe tayari.

Mungu akupe wa kusimama naye upande mmoja. Akupe jicho la kuuona mpira unaokwenda nje, na ulimi usiochelewa. Na siku utakapokuwa mzee wewe, mkono umeshauinua na watu wanatazama, akupe kijana wa kukuambia acha, na akupe moyo wa kuushusha.