Fundi cherehani na kipeo kisichokuwepo

Saa tisa alasiri, fundi cherehani ameisogeza kando sketi ya mteja na anaendelea kutoa. Hatoi uzi, anatoa namba. Kwenye karatasi ya kaki anayochorea vipimo ameandika x³ − 7x + 6, igawanywe kwa x − 2. Chaki inakwenda polepole, kisha inasimama.

Amepata x² − 5, salio hasi nne. Kitabu kinasema salio ni sifuri.

“Kitabu kimekosea,” anasema bila kuinua macho.

“Hicho kitabu kimesomesha watu kabla hujaolewa, wifi,” anajibu mdogo wa mumewe, mwalimu wa hisabati wa sekondari, ambaye hupita hapa akitoka kazini. “Kingekuwa kimekosea tungeshasikia.”

Fundi huyu ana miaka thelathini na sita, na kumi na minne kati ya hiyo ameipitisha kwenye kiti hiki. Anataka kwenda chuo cha ufundi akasomee ualimu wa ushonaji. Chuo kinadai ufaulu wa hisabati, somo alilofeli mara mbili. Mtihani wa tatu ni mwezi ujao, na mwaka huu ndio wa mwisho chuo kupokea waombaji wa umri wake.

“Kaka yako ananitania kwamba nitapata wajukuu nikiwa bado kidato cha nne,” anamwambia wifi yake. “Simlaumu. Hata mimi nilishaamini kichwa changu kina kasoro.”

Mwalimu anaiinamia karatasi. Kwa wiki kadhaa amekuwa akisema kosa hili linatokana na haraka. Leo anauliza, “Mbona umezibananisha hivi x³ na 7x?”

“Si ndivyo tunavyokata? Vipande vikikaa mbalimbali, kitambaa kinapotea.”

Mwalimu anacheka kidogo. Sasa anaona. Ile −2x² iliyotokana na kuzidisha haikukuta mahali pake, ikawekwa chini ya −7x, zikatolewa kana kwamba ni ndugu.

“Wifi, mteja akileta shati limekatika kifungo cha pili, utavipandisha juu vya chini?”

“Nani atalivaa? Kila kifungo na tundu lake.”

“Basi hapa kilichokatika ni kipeo cha pili. Tundu lake liache wazi.”

Fundi anautazama mstari wake kwa muda. Anaufuta kwa kiganja na kuandika upya, kwa nafasi: x³ + 0x² − 7x + 6.

“Kumbe hata kisichokuwepo kinaandikwa,” anasema kwa sauti ya chini. “Mbona hukuniambia?”

“Nilikuambia. Ila nilikuambia kimwalimu.”

Anagawanya, anazidisha, anatoa. Juu zimekaa x² na 2x. Chini imebaki −3x + 6. Mlangoni mwenye sketi anabisha hodi, na pindo bado halijakunjwa.

“Hatua moja tu, wifi. Nikumalizie?”

“Usiguse.” Fundi anaikunja karatasi taratibu na kuiweka chini ya mkasi. “Kwenye chumba cha mtihani hutakuwepo. Kesho nikifungua hapa, kabla sijashika kitambaa, salio nitaliona mwenyewe.”

Anamkaribisha mteja, anavuta kiti na kuanza kukunja pindo.