Mstari Mwekundu wa Nyota Mpya

Mwalimu wetu wa fizikia alitutangazia kama anayeleta habari ya msiba: kuna nyota mpya, imegunduliwa juzi, inaonekana kwa macho. Atakayeleta picha ya rangi za mwanga wake, na kuthibitisha ni nyota ya aina gani, atapelekwa Riyadh kwenye mashindano ya shule. Mshindi analipiwa chuo kikuu.

Wenzangu wakaendelea kuchora masharubu kwenye vitabu. Mimi, mchora masharubu mkuu, niliweka kalamu chini. Babu katoka Unguja mwaka wa mapinduzi, baba kazaliwa Jeddah, mimi nimezaliwa Jeddah, na sote tunaishi kwa ikama, kibali kilicho mkononi mwa kafili, mdhamini wetu, na kinachokwisha muda kama maziwa ya pakti. Bila kulipiwa, chuo ningekiona kupitia dirisha la teksi.

Darini kwetu, mtaa wa Hindawiyah, kulikuwa na taa kali. Mwenye taa hiyo alikuwa dada mmoja Mkenya, aliyeletwa na mawakala mwaka ule pamoja na ndege nzima ya wenziwe. Alifanya kazi za ndani ghorofa ya chini yetu na kila baada ya Isha alipanda kuanika.

"Dada, nizimie taa dakika kumi."

"Na madam akiuliza nguo zimeenda wapi?"

"Mwambie zimeenda umra."

Akacheka. "Kwani hiyo nyota itakupea nini?"

"Chuo."

Akazima. "Haya, yalla, harakisha."

Mbele ya lenzi ya kamera ya kaka nilifunga kioo chembamba kilichochanjwa mamia ya mistari. Kila nyota ikawa nukta yenye mkia wa rangi. Nilianza na Vega, nyeupe, tulivu. Mkia wake una mistari myeusi pale haidrojeni inapomeza mwanga. Kisha nikageukia ile mpya. Palepale penye weusi, hapa pamewaka! Mstari mmoja mwekundu kama pilipili. Nyota tulivu haifanyi hivyo. Hii ilikuwa nova: imelipuka, imerusha gesi yake nje, na gesi inang'aa.

Mwalimu hakuniamini. Muhula uliopita nilimletea mwanga wa bango la duka la dawa nikamwambia ni sayari.

"Apa," akasema.

Nikaapa. Akapima mistari kwa rula, mmoja mmoja, kisha kimya kimya akanijazia fomu.

Riyadh nilikwenda na baba, siku nzima ndani ya basi. Jaji, mama mmoja mpole, aliuliza maswali matatu, nikajibu matatu. Akaanza kuingiza namba yangu ya kitambulisho kwenye kompyuta. Namba za wenyeji huanza na moja. Zetu sisi wa ikama huanza na mbili. Skrini ikagoma. Akaingiza tena, polepole, kama anayebembeleza.

"Mafi," akasema. Hakuna. "Kazi nzuri, binti yangu. Lakini mfumo haukubali."

"Jaribu namba ya nyota," nikamwambia. "Yenyewe haina kafili."

Hakucheka mtu. Baba alikuwa akitazama viatu vyake.

Niliporudi, dada alinikuta darini.

"Walikupea?"

"Wamenipa biskuti."

Akaenda akazima taa, kama kawaida yetu. Nikatazama juu, nova ilikuwa imefifia, macho hayakuiona tena. Kamera sikuwa hata nimepanda nayo.

"Washa tu, dada."

Akawasha. Tukaanika mashuka ya madam.