Sekunde Kumi za Phanice

Phanice hakuwahi kuchonga jiwe. Naanza na hilo kwa sababu watu wa hapa Tabaka, kwenye machimbo ya mawe laini ya kuchonga, wana midomo, na kila mmoja sasa ana habari yake. Mimi Drusilla nimekaa naye kwenye beseni moja miaka kumi na minne. Wanaume wanachonga, sisi tunaosha, tunapiga msasa, tunapaka nta. Ndivyo tulivyoikuta kazi imegawanywa tulipoolewa, na hakuna aliyetuuliza. Kisu cha mchongaji Phanice alikishika akikiokota sakafuni tu, tena kwa mkono wa kulia, kama mimi.

Mwenye mkono wa kushoto alikuwa mumewe, Geoffrey. Mikato yake ilikuwa imelala upande usioutarajia, na mtu yeyote wa kazi hii angeitambua kwa kidole huku amefumba macho. Tulimtania kwamba hata ugali anaumega kinyume. Mwezi wa nne, mvua zikiwa nyingi, ukuta wa machimbo ulimwangukia. Tulimzika Alhamisi.

Aliacha jiwe moja kibandani alimochongea. Wafanyabiashara wanataka ndovu, viboko na visanduku vya pete, lakini hili halikuwa la mfanyabiashara. Lilikuwa mwanamke ameinama juu ya beseni. Mabega yalikuwa tayari, mikono nusu, na uso ulikuwa donge tu. Phanice alijua ni nani yule. Akaapa kwamba hakuna atakayeligusa.

"Hizi alama ndizo mkono wake uliobaki," aliniambia. "Mtu akichonga juu yake, atakuwa amemfuta."

Akalifunga kwa gunia lililoloweshwa, maana jiwe letu likikauka huwa gumu na hata hupasuka. Kila asubuhi akalimwagia maji.

Obadiah, mdogo wake marehemu, alitaka kulimalizia. Hakuwa na nia mbaya. Mdomo wake ndio haujui msiba. "Shem, hiyo jiwe itaharibika bure. Nipee wiki moja tu." Phanice akamjibu neno moja la nyumbani, "Yaya," na ukimsikia Phanice akikataa hivyo, nenda ukatafute kazi nyingine.

Kilichomshinda ni mikono. Tangu mazishi ilikuwa ikitetemeka. Picha za bakuli alizomtumia Dahabo, mama mwenye duka la vinyago mjini Kisii, zilifika zimechafuka zote. Dahabo akarekodi sauti, na mimi nikaisikia: "Dada Phanice, walahi sioni kama hii ni bakuli ama ni kiatu! Simu usiishike. Iegemeze kwa kitu, weka taima ya sekunde kumi, bonyeza, halafu utoke hapo. Picha itakuja safi."

Tukafanya hivyo. Tuliiegemeza simu kwenye ndoo kuukuu ya rangi, mwanga wa dirisha ukija kutoka ubavuni. Bakuli tulililowesha kwanza ili wekundu wake utoke. Phanice alibonyeza, akaenda kusimama mlangoni, mikono nyuma, simu ikihesabu ti, ti, ti. Picha ikatoka hadi mishipa ya jiwe ikaonekana. Alicheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, na mimi nikafurahi kuliko yeye.

Ikawa desturi. Alasiri mimi nilirudi kwangu, yeye akabaki na simu. Akimaliza bakuli, alifungua gunia akalipiga jiwe la Geoffrey picha moja, ili hata likipasuka abaki na zile alama.

Wiki ya pili akaja kwangu amekunja uso. "Hebu angalia." Katika picha ya Jumatatu mikono ya yule mwanamke ilikuwa nusu. Jumatano ilikuwa na vidole. Ijumaa vidole vilikuwa na kucha, na maji ya beseni yalikuwa na viwimbi. Nikasema labda mwanga umebadilika. Ujinga mtupu, mwanga hauchongi kucha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Huyu ni Obadiah."

Akamfokea sokoni mbele ya watu, na nilimwonea huruma kwa aibu ile. Obadiah aliapa hadi sauti ikamkauka. "Mimi hiyo jiwe sijaishika, shem! Twende nione." Tukaenda. Akapitisha kidole gumba juu ya zile kucha mpya, akarudia, kisha akauondoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Hii imekatwa na kushoto," akasema kwa sauti ya chini. Aliondoka bila kuaga, na hajaingia tena kibandani humo mpaka leo.

Phanice akaweka kufuli, ufunguo akauning'iniza shingoni. Jiwe likaendelea tu. Shingo ikatoka. Kitambaa cha kichwani kikatoka, kimefungwa kisogoni vilevile anavyofunga yeye. Alilia kwa hasira. "Wananifutia mume wangu, Drusilla, na siwaoni."

Mimi si mwoga. Jumamosi, Sabato yetu, niko kanisani, siku nyingine niko kazini, na mashetani sina nafasi nao. Lakini kuna kitu kilichonikaa vibaya. Siku moja nilimwita chai saa tisa. Akajibu kutoka kibandani, "Napiga picha moja tu, nakuja." Alifika saa kumi na nusu, chai imeshakuwa baridi, akashangaa.

"Mbona unanipa chai iliyolala? Si umeniita sasa hivi?"

Nilidhani ananitania. Kisha nikaona mkono wa kushoto wa sweta yake umejaa unga wa jiwe hadi kwenye kiwiko. Ule wa kulia ulikuwa safi.

Kesho yake nikamwambia nitakaa naye, tumkamate huyo mwizi wa alama. Niliketi juu ya kreti pembeni. Nikamwomba airudishe simu nyuma kidogo, picha ichukue jiwe pamoja na kigoda cha Geoffrey kilichokuwa mbele yake. Akabonyeza.

Hakwenda mlangoni. Alikwenda kwenye kigoda, akaketi, magoti yametanuliwa, mwanamke asivyoketi kwetu. Simu ikahesabu ti, ti, ti. Akanyoosha mkono wa kushoto akachukua kisu. Simu ikapiga picha, ikanyamaza, na yeye akaanza kukata.

Alikata kwa utulivu, na ile mikono haikutetemeka hata kidogo. Kila baada ya mikato mitatu alipuliza vumbi kwa meno, fyuu, fupi. Mtaa mzima ulimjua aliyekuwa akipuliza hivyo. Nikaita, "Phanice." Hakugeuka. Nikaita tena, kwa nguvu, na bado hakugeuka. Lilikuwepo jina jingine ambalo ningeweza kuliita, na sikuthubutu, kwa sababu niliogopa kuitikiwa.

Kivuli cha mgomba wa nje kikatoka dirishani kikafika ukutani. Ndipo alipokiweka kisu chini, akajifuta mkono gotini, akaenda kusimama mlangoni, mikono nyuma.

"Imeshapiga?" akaniuliza.

Nilimpa simu. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu. "Simu imegeuza," akasema. "Si kuna zile hugeuza mtu kama kioo?" Nikamwonyesha kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani nyuma yake, ndani ya picha. Herufi zote zilisomeka sawasawa. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto.

Akaligeukia jiwe. Pale palipokuwa na donge palikuwa na pua, mdomo, na jicho la kulia limefunguka, na juu ya nyusi lile kovu dogo alilolipata Phanice utotoni. Jicho la kushoto tu ndilo lilikuwa bado. Nilingoja apige kelele. Aligusa ule mdomo kwa vidole vyake, na vidole vikaanza kutetemeka upya.

"Kumbe hakuna anayemfuta," akasema.

Baadaye akauliza, "Limebaki jicho moja tu?"

"Moja."

Akalichovya gunia majini, akalifunika jiwe, akalikaza kwa kamba. "Basi taima sitaiweka tena. Akimaliza hili jicho, atakuja kufanya nini hapa?"

Jioni ile alikwenda kwa Obadiah akamwomba msamaha, sababu hakuisema. Siku hizi anapiga picha kwa mkono, na Dahabo analalamika kwamba bakuli zimerudi kuwa viatu. Phanice anamjibu kwamba mikono bado inatetemeka, na hilo si uongo. Kila asubuhi mimi nateka maji, yeye analimwagia gunia. Nami nisiyekuwa na nafasi ya mashetani, siku hizi nikifika kwenye mlango wa kibanda kile, hata ninapojua Phanice yuko sokoni, kwanza napiga hodi.